Tela Letu na Mlima wa Wazo

Leo mama mdogo amegeuzwa mkungu wa ndizi!

Tulikwenda Bunju kuchagua tela la kulala, lile ambalo hema lake hufunguka juu. Krismasi nyumba ya bibi kule Moshi hujaa, nasi watoto hulala chini. Mwaka huu nimeomba kitanda.

Baba akapenda tela kubwa. Akiwa peke yake garini, gari letu dogo likalivuta vizuri.

Mama akauliza, "Na ndizi za kurudi nazo je?"

(Bibi hamruhusu mtu aondoke mikono mitupu.)

Basi baba akatuingiza wote garini badala ya mizigo.

"Shemeji, yaani mie ndizi?" mama mdogo akalalamika.

"Tena mkungu mzima. Panda!"

Kupanda Mlima wa Wazo, gari likagoma katikati. Nyuma yetu honi tupu! Tukashuka kusukuma huku tukicheka.

Tukarudi, tukajaribu tela dogo. Likapanda bila shida, ila lina vitanda viwili tu.



"Kimoja chetu na baba yenu," mama akasema. "Cha pili cha aliyeomba kwanza."

Jamani, ni mimi! Moshi kuna baridi, nibebe blanketi ngapi?