Nilivyojifunza Kuwa Mwajiri Joubert Park

Siku yangu ya kwanza ya kuwa mwajiri nilivaa gauni jipya la kitenge, na kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limelowa hadi magotini, kwa sababu bomba la mashine kubwa ya kufulia lilipasuka. Ilikuwa Januari 2015, katika chumba cha chini cha jengo moja la mtaa wa Joubert Park, huku kusini mwa Afrika, tulikofua shuka za hoteli na nyumba za wageni. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mtu wa rola, yaani ile pasi ndefu ya silinda inayomeza shuka upande huu na kuitoa imenyooka upande wa pili. Sasa Papa Ilunga, mwenye kiwanda, alikuwa anarudi Lubumbashi kupumzika, akaniachia kazi yake.

"Odette, kufua unajua," aliniambia. "Inabakia makaratasi tu. Kila miezi mitatu watu wasaini mukataba mupya. Mutu akikuchosha, usimupe kalamu."

Huo ndio mkataba wa muda maalumu, unaotaja siku ya kuanza kazi na siku ya kuondoka. Wafanyakazi wetu kumi na wawili walikuwa wakiusaini miaka nenda, miaka rudi.

Mwishoni mwa Machi nilizipanga karatasi juu ya meza ya kukunjia. Nomvula, mzaliwa wa Soweto, ndiye aliyekuwa mtengaji wetu: alitenga nyeupe na za rangi, na hakuna doa lililompita. Zamu yake ilipofika, aliweka mikono nyuma.

"Mama, redio wanasema sheria imebadilika," alisema kwa Kiswahili alichookota kwetu. "Kama kazi haiishi, mkataba pia hauishi."

"Redio ndiyo iliyokuajiri?" nilimjibu kwa ukali. Kalamu ilibaki mezani.

Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Mama Nyambura, Mkenya aliyefanya kazi katika ofisi ya utumishi ya benki moja.

"Huyo msichana yuko sawa," alisema. "Sheria imerekebishwa tangu Januari. Ukimweka mtu zaidi ya miezi mitatu, na huna sababu ya kweli ya kuiita kazi yake ya muda, anahesabiwa wa kudumu. Kwani hoteli zimeacha kuchafua shuka?"

"Na sisi wadogo?"

"Mwenye wafanyakazi wasiofika kumi hilo halimhusu."

Wasiofika kumi! Maneno hayo nilitembea nayo hadi nyumbani, Berea. Nikampigia simu Papa Ilunga, nikamweleza yote.

"Basi punguza batatu!" alisema. "Anza na ule wa redio."

Sitaficha. Niliketi mezani nikaandika majina matatu, la Nomvula juu. La tatu lilikuwa la Furaha, mkunjaji kutoka Bukavu, na hapo mkono uligoma. Nilikumbuka mimi na marehemu mume wangu tulivyopata fleti yetu wenyewe siku moja, wakala akadai barua ya ajira ya kudumu, nami sikuwa nayo. Tukarudi kwenye chumba tulichogawana na familia nyingine kwa pazia. Furaha naye wakati huo alikuwa akilala nyuma ya pazia. Papa Ilunga hakuwa mtu mbaya; hakuwahi kuishi nyuma ya pazia. Mimi niliwahi. Nikaichana karatasi.

Baada ya siku chache niliwakusanya wote nikiwa na mikataba mipya.

"Nomvula, nilikujibu vibaya," nilisema. "Ulikuwa na haki."

"Sharp, Mama," alisema, yaani sawa, na tabasamu likamponyoka. Kisha akawatafsiria wenzake kwa Kizulu.

Furaha aliisoma yake kwa kidole, mstari kwa mstari. "Mama, umesahau kuandika siku ya mwisho."

"Haipo."

Akasoma tena. Vigelegele alivyopiga vilizishinda mashine za kukaushia.

Miezi miwili baadaye tulimpandishia kitanda hadi fleti yake mpya, ghorofa ya tano, lifti ikiwa mbovu, watu kumi na watatu tukigombana ngazini kuhusu namna ya kukata kona. Furaha alifunga mlango wake na kuufungua mara tatu, kusikia tu kitasa.

Tangu hapo kila Ijumaa, wakati wa chai, mmoja wetu alisoma habari za sheria za kazi na wengine wakauliza. Mwaka 2019 kima cha chini cha mshahara cha taifa kilipoanza, mkaguzi wa kazi alitutembelea.

"Hapa nani anashughulika na sheria?" aliuliza.

Mikono yote ikanyanyuka, mpaka wa dereva. Mkaguzi alicheka, akakubali kikombe cha chai.

Mwisho wa mwaka huo nilistaafu, nikamwachia Nomvula usimamizi. Ninyi mtakaoajiri watu, msiisubiri sheria mlangoni kama polisi. Isomeni pamoja na wale inaowahusu. Mimi ilinifundisha kuwaona watu niliosimama nao miaka yote.

Wiki yangu ya mwisho, Emmanuel, kijana wetu wa pasi ya mvuke, aliniletea ombi lake. Mke wake alikaribia kujifungua, na sheria mpya ilikuwa inawapa akina baba siku kumi za mapumziko kuanzia Januari.

"Siku kumi zote, Mama? Na nikirudi kazi yangu ipo?"

"Zote. Na kazi ipo."

Aliizima pasi, akacheza kuanzia mashine ya kwanza hadi mlangoni. Nilitia saini ombi lake, na hiyo ndiyo karatasi ya mwisho niliyosaini kazini.