Mchanga Uliokwenda Kutembea

Enzi zetu pale Kilwa Masoko, uwanja wetu wa mpira ulikuwa na tabia ya kuondoka. Wa rika langu mtanishuhudia. Kusi ikianza kuvuma, mawimbi yaliubeba mchanga wa ufukweni mpaka miamba ikachomoza, nasi chandimu tukaihamishia uani, tukavunja mitungi na kuchapwa. Kaskazi ikirudi, bahari ilitulia na mchanga ukarejea, mweupe na laini, kama vile haukwenda popote. Bibi yangu mzaa mama hakushangaa hata kidogo. "Umekwenda kutembea tu," alisema huku akigeuza korosho kwenye bati, macho yakimtoka machozi kwa moshi. "Utarudi."

Alipofariki tulimzika kwenye makaburi ya ukoo, juu kidogo ya ufukwe. Kila Shaabani, Ramadhani ikikaribia, tulikwenda na jembe kung'oa majani. Mama akimaliza kumsomea Yasini alipapasa mchanga ulio kando ya kaburi na kutuambia, "Hapa ni pangu." Sisi mawazo yetu yalikuwa kwenye muhogo wa nazi uliotungoja nyumbani.

Kisha mwaka mmoja kaskazi ikaja na mchanga usirudi wote. Mwaka uliofuata ukapungua zaidi, minazi ya mbele ikaanguka. Wanaume wakakubaliana kujenga uzio wa kuzuia mawimbi. Miti wakaikata hapo hapo jirani, kwenye mikoko ya mdomo wa kijito, na baba yangu ndiye aliyetangulia na shoka. Watoto tulibeba fito tukiimba. Hakuna aliyewaza kwamba mikoko ile ndiyo iliyokuwa imeushika udongo wa upande ule. Uzio haukumaliza hata kusi moja. Bahari ikapita palipokuwa na mikoko, ikayafikia makaburi kwa nyuma, na kidogo kidogo ikayachukua yote. Baba hakulizungumza tena jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Shaabani ya mwaka huu nilimpeleka mama. Ng'ambo ya kijito limeota fungu jipya la mchanga, pana kweli, na watoto wa sasa wanacheza mpira huko. Kaka zao wameipa bahari mgongo, wanajipiga picha. Mpaka simu ilowe ndipo wanakumbuka kuwa kuna maji. Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Zamani tulitoka hapa tumechafuka udongo mpaka magotini. Safari hii tulisimama mikono mitupu, hakuna hata jani moja la kung'oa.

Mama alilitazama lile fungu kwa muda mrefu.

"Mimi mtanizika kule juu, kwenye mikorosho," alisema. "Sitaki mje kuhangaika kunitafuta."

Alivua kandambili, akasogea mpaka maji yakamgusa vidole, akaelekea ng'ambo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Tukasimama pale kidogo, kama watu wanaongoja marahaba.