Nundu Niliyomlisha Mdogo Wangu

Kosa ni langu, tusizunguke.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba alifariki. Nikaacha shule darasa la tatu, nikachunga ng'ombe za watu mpaka nikahamia huku Katavi. Njaa naijua vizuri. Ndiyo maana nilipopata mali nilikula, tena vinono. Kitambi changu nilikuwa nakipigapiga mbele za watu kama cheti. Mjinga mimi!

Mdogo wangu anakaa Kawajense. Alienda kupima presha, akaambiwa mishipa ya damu imeanza kukakamaa, moyo unasukuma kwa shida. Apunguze mafuta na chumvi, ameze vidonge kila siku. Akatii. Akawa anakula ugali wake na mlenda, kimya. Mimi nikamfanya kichekesho.

Mwaka jana nikachinja dume kwenye harusi ya binti yangu. Kwetu nundu haigawiwi ovyo, anawekewa mtu unayemheshimu. Nikamwekea mdogo wangu, inachuruzika mafuta. Akaninong'oneza kwamba dokta amemkataza. Nikapaza sauti makusudi, wakwe wasikie.

"Kwani aliyekulea ni dokta au mimi? Kama umekuwa mbuzi sema, tukukatie majani."

Wakwe wakacheka. Akala yote.

Sikuishia hapo. Nikamwambia vidonge ni vya waoga wa mjini, mwanaume hamezi dawa wakati haumwi. Akaviacha. Kila nikichinja nikawa namtumia kipande cha mafuta, na anakula.

Masika hayakuisha, akaanguka shambani kwake Kasokola, ameshika kifua. Moyo. Alipona, kama huko ni kupona. Mtu aliyekuwa akishika jembe mpaka jua linazama, leo akienda chooni anapumzika njiani.

Nilipompeleka hospitali, na mimi wakanipima. Dokta akasema mishipa yangu ni migumu kuliko ya mgonjwa niliyempeleka! Mimi huyu, ambaye mpira wa mashine yangu ya kukoboa ukianza kukakamaa naubadilisha kabla haujapasuka. Wa mashine niliuhurumia. Mishipa ya mwilini nikaiita porojo.

Siku moja nikamwuliza mdogo wangu kwa nini alikubali kula ile nundu. Hakuniangalia.

"Sikuwa na njaa, kaka. Niliona aibu mbele ya wakwe zako."

Nyie mnaojipigapiga vitambi vilabuni, mnaomcheka mwenzenu akiomba mboga bila mafuta, nawajua, nilikuwa mwenyekiti wenu. Hicho si kitambi cha heshima. Nendeni mkapime. Na ndugu yako akikataa nyama, funga mdomo, mpe mlenda wake ale kwa amani.

Leo nina nyumba ya bati Nsemulwa. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Nina zizi la ng'ombe. Nina vidonge kwenye kikombe pale dirishani. Na nina mdogo wangu mmoja, ambaye haji tena kula kwangu.