Mkono Ambao Balote Hakuuinua

Balote alikuwa muuza siagi. Pale Gadala, juu kwenye milima ya Wolaita, wauza siagi wengi walikuwa wakiponda ndizi na kuichanganya humo ili donge lionekane kubwa. Wateja walijua, wakanunua hivyo hivyo huku wamenuna. Balote aliacha mchezo huo tangu alipobatizwa, akiwa msichana bado, na faida yake ikashuka hata wenzake sokoni wakamcheka.

"Huyu siku hizi anagawa mali bure," mmoja alisema. "Dhambi zake ameziacha kwa nani?"

"Nimekuachia wewe, dada," Balote akajibu. "Kwako naona bado kuna nafasi."

Soko likacheka, safari hii upande wake.

Alikuwa na mdomo, na alikuwa na sauti. Akiimba kanisani, watu wa ng'ambo ya korongo waliegemea majembe wakasikiliza. Sauti hiyo ndiyo iliyomvuta Sorsa, mfumaji wa shuka, ambaye alikuwa akija mpaka mlangoni mwa kanisa akinuka pombe ya shayiri na kusimama hapo mpaka wimbo uishe. Alimfuata mwimbaji kwanza, Mungu baadaye. Yeye mwenyewe hakuficha. Wakaoana, wakapata binti, Birke, na miaka michache baadaye mvulana, Markosi. Sorsa aliacha pombe, akajifunza kusoma, akawa mzee wa kanisa. Balote hakuacha kumtania. "Mimi niliyekuingiza kwa mlango wa nyuma," alikuwa akimwambia, "leo unanihubiria mimi."

Wanajeshi waliompindua mfalme walikuwa mbali, Addis, mji mkuu, na kwa miaka kadhaa hawakutusumbua sana. Kisha likaja agizo kwamba makanisa ya Injili yafungwe. Mabati ya kanisa la Gadala yaling'olewa yakaezekwa kwenye ofisi ya kebele, yaani serikali yetu ya kijiji. Mwenyekiti wa kebele aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Godebo, kaka yake Balote, tumbo moja.

Godebo hakuwa mtu mbaya. Alipenda kuheshimiwa, basi, na alikuwa mwoga. Alipewa bunduki kuukuu na kofia, akaambiwa kijiji ni chake alimradi wakubwa wa mjini wasisikie kelele.

Kelele zilitoka kwa shemeji yake. Kila mkutano wa kebele ulifunguliwa kwa watu wote kuinua ngumi ya kushoto na kupaza sauti kuyatukuza mapinduzi. Wakristo wengi waliinua, wakasema moyoni maneno mengine. Lakini siku moja alikuja kada kutoka mjini, kijana mwenye viatu vya ngozi, akataka wazee wa kanisa wasimame mbele, wainue ngumi, na waseme kwamba Mungu hayupo. Wawili walisema. Sorsa alisimama na mikono yake imening'inia.

"Wewe mkono wako mgonjwa?" kada aliuliza.

"Mzima, ndugu. Nafuma nao."

"Basi uinue."

"Kwa hilo hauinuki."

Walimpiga pale pale, mbele ya wanawe, kisha wakampandisha kwenye lori. Godebo aliangalia chini muda wote, akichora udongo kwa kitako cha bunduki.

Balote akawa anapeleka chakula gerezani. Alishuka mlima na mkate wa mgomba, ule wa kwetu usiozaa ndizi ila huliwa shina na mizizi, uliofungwa majanini na kibuyu cha kahawa ya chumvi, akasubiri nje ya uzio wa miti pamoja na wake wengine. Mara nyingi chakula kilichukuliwa na mume hakuonekana. Siku moja aliruhusiwa kumwona. Sorsa alikuwa amekonda, na meno yake ya mbele hayakuwapo.

"Watoto?"

"Wazima. Markosi anasema akikua atakuwa askari aje akutoe."

Sorsa alicheka akifunika kinywa. Kisha akasogeza uso kwenye miti ya uzio. "Balote, watakujia na wewe. Usiinue. Wakikuambia mimi nimeinua, ujue ni uongo. Tukiinua sisi, na wale wachanga wa imani wataanguka wote."

"Unanifundisha mimi?" Balote alisema. Lakini hakuwa akitania, na Sorsa alijua.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Watu wakang'oa migomba michanga isiyokomaa, wakala mizizi yake, na hiyo ilipokwisha wakaanza kuuza milango. Siagi haikuwapo maana ng'ombe hawakuwapo. Halafu nyuma ya njaa ikaja surua.

Nafaka ya msaada ilifika kwa malori. Iligawiwa kwenye ofisi ya kebele, kwa wenye kadi, na kadi ilitolewa mkutanoni. Kada wa viatu vya ngozi alikaa mezani kando ya Godebo, na jamaa za wafungwa wa dini walipewa sharti lao peke yao: ngumi, na yale maneno kuhusu Mungu.

Markosi alikuwa na homa siku ya tatu. Balote alimfunga mgongoni, akamshika Birke mkono, akasimama kwenye foleni tangu asubuhi. Alipofika mezani, Godebo aliinuka, akamvuta kando kana kwamba anamkemea.

"Dada, nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Inua tu. Hata usiseme. Chezesha midomo, mimi nitamwambia umesema."

"Na huyo hana macho?"

"Ataangalia mkono. Anataka mkono tu. Balote, ni mkono, si roho."

"Kama ni mkono tu, kwa nini anautaka hivyo?"

"Mtoto yuko mgongoni mwako anawaka. Mungu wako hamwoni?"

Baadaye katika maisha yake Balote alijaribu mara nyingi kukumbuka alichofikiri pale, na kila mara alikumbuka kitu tofauti. Alimfikiria Yesu, hilo alikuwa na hakika nalo. Alikumbuka maji ya mto alipobatizwa na alivyoulizwa kama atamfuata mpaka mwisho, na alivyosema ndiyo upesi, kabla swali halijaisha. Alimfikiria Sorsa na kinywa chake kisicho na meno. Aliona pia wanawake watatu wa kanisa nyuma yake kwenye foleni, wakimtazama yeye wajue la kufanya. Na alisikia joto la mtoto likipenya nguo mpaka kwenye ngozi yake.

Alirudi mezani. Kada akasema, "Haya, mama." Balote aliiacha mikono yake chini ya matako ya mtoto, pale ilipokuwa imembeba, na hakuiondoa.

"Anayefuata," kada akasema.

Kati ya wale wanawake watatu waliomfuata, mmoja aliinua, wawili hawakuinua. Huyo aliyeinua alikuja jioni na bakuli la ngano amelificha ndani ya shuka, analia, akaliacha mlangoni akakimbia. Balote aliipika uji. Birke alikunywa. Markosi alitapika. Mtu wa zahanati hakumtazama bila kadi. Mtoto alikufa kesho yake mchana, jua likiwa kali, mama yake akimpepea inzi. Alikuwa hajafika miaka mitano.

Mikusanyiko ya Wakristo ilikatazwa, hata ya kuzika, na majirani waliogopa. Aliyekuja na jembe ni Godebo. Alichimba peke yake nyuma ya nyumba, bila kofia, akipumua kama ng'ombe mgonjwa. Alipomaliza alisema, "Ungeinua, dada."

"Najua," Balote akasema.

Gerezani Sorsa aliletewa habari kwa maneno machache: mwanao amefariki, ni surua. Balote hakuongeza kitu. Aliona mtu aliye ndani ya uzio ana mizigo ya kutosha.

Sorsa alitoka baada ya miaka saba, na si muda mrefu wanajeshi nao wakaanguka. Makanisa yakafunguliwa. Gadala walipata mabati mapya, na siku ya ufunguzi watu walikuja kutoka milima yote, wakatunga wimbo wenye jina la Sorsa ndani yake. Walimwita mbele atoe ushuhuda. Alisimama akitegemea fimbo, maana goti moja lilikuwa halikunjiki tena, akasimulia kipigo, giza, na jinsi walivyoimba kwa kunong'ona. Akamalizia, "Wala Bwana hakuniacha. Aliilinda na nyumba yangu."

Balote aliinuka katikati ya wanawake, akatoka nje.

Sorsa alimkuta nyumbani anatwanga kahawa. Alikaa juu ya kigoda, akanyoosha lile goti.

"Nimekosea nini?"

"Nyumba yako ililindwa wapi, baba Markosi?"

"Surua ilichukua wengi, mke wangu. Hata wa hao walioinua."

"Ilichukua. Na wengine waliokuwa na kadi walipata dawa na ngano, wakapona. Wako nje pale wanacheza, wewe umewashika vichwa leo." Akaweka mchi chini. Ndipo akamweleza yote: foleni, Godebo, mikono yake ilipokuwa, bakuli la ngano, inzi. Alieleza taratibu, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sorsa alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe wamekutungia wimbo," Balote alisema. "Sikuonei wivu. Lakini nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinijibu kama mzee wa kanisa. Ningeinua, nikakuletea mtoto mzima siku ile uliyotoka, ungenipokea?"

Sorsa alinyoosha fimbo, akachochea makaa yaliyokuwa yakifunikwa na jivu.

"Nilivyokuwa wakati ule," alisema, "nisingekupokea."

Balote aliitikia kwa kichwa polepole. "Nashukuru hukunidanganya."

Sorsa hakusimama tena kutoa ushuhuda. Walipomwomba, alisema goti linamsumbua. Jioni moja alitoka nyuma ya nyumba, akajishusha kwa shida hadi chini kando ya kaburi, akalala hapo kifudifudi, na Balote alimwacha mpaka baridi ilipozidi, ndipo akaenda kumwinua. Hawakusameheana kwa maneno. Walizeeka pamoja, wakalima pamoja, na kulikuwa na siku waliweza kucheka. Godebo alinyang'anywa bunduki, akaanza kunywa. Akipita njiani dada yake alimwamkia, naye akaitikia akitazama pembeni.

Kanisani Balote alirudi. Alikaa karibu na mlango. Wimbo ulipoanza alisimama na wenzake, akasikiliza, kinywa kimefungwa. Wageni walidhani hajui nyimbo. Mzee mmoja alimuuliza kama ana jambo na Mungu.

"Ninalo," alisema. "Lakini jambo hilo nalizungumza naye mwenyewe. Ndiyo maana nakuja."

Birke alipotaka kubatizwa, alikuwa mwanamke mzima na kazi yake ya kushona. Alimweleza mama yake kwa furaha, jioni, wakimenya viazi. Balote aliendelea kumenya kidogo, kisha akamwambia kila kitu kuhusu Markosi, hata yale ambayo Birke mwenyewe aliyaona lakini alikuwa mdogo mno kuyaelewa. Birke aliacha kisu.

"Kwa hiyo unanikataza?"

"Sikukatazi."

"Ungerudi kwenye ile foleni, ungefanya vile tena?"

"Sijui, mwanangu. Wakiniuliza kanisani nasema ndiyo. Nikiwa peke yangu, sijui."

Jumapili ya ubatizo Birke hakwenda mtoni. Sorsa alifadhaika. "Umemtisha mtoto," alisema.

"Nimemwambia. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilisema ndiyo kabla swali halijaisha."

Mwaka ulipita, na mwingine. Mama hakuuliza, binti hakusema. Kisha, katika mvua kubwa za mwaka zinazofanya mto wetu kuwa mwekundu na mkali, Birke alijiandikisha mwenyewe. Walioingia majini siku hiyo walikuwa wachache kwa sababu ya baridi. Balote alisimama kwenye tope la ukingo, amelikumbatia shuka kavu la binti yake chini ya nguo ili lisilowe. Mchungaji alipouliza swali, Birke alinyamaza muda mrefu, maji yakimpiga kiunoni, mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akajibu kwa sauti ndogo, na wa ukingoni hawakusikia alichosema, ila walimwona mchungaji akimzamisha.

Alipotoka alikuwa anatetemeka, midomo imepauka. Mama yake alimfunika shuka, akamsugua mabega kwa nguvu.

"Twende," alisema. "Utaugua."