Jezi Iliyoanza kwa Bei ya Beseni

Nina duka la vyombo vya plastiki Mbale, la jumla na rejareja, na kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba niliingia kwenye biashara hii kwa bahati. Si kweli. Niliingia nikiwa na miaka tisa, kule Jinja, nilipompa mchuuzi jezi ya baba yangu naye akanipa beseni.

Wachuuzi hao walipita mitaani na mabeseni kichwani, wakiyabadilisha kwa nguo kuukuu. Jezi ilikuwa kwenye kamba, ya kijani, imeisha viwiko. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye beseni jekundu. Mchuuzi aliikagua jezi, akanikagua na mimi, akasema inatosha. Sikubishana bei. Tangu siku hiyo sijawahi kufanya biashara bila kubishana.

Baba alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha nguo. Namba moja mgongoni ilishonwa na mama kwa uzi wa buluu, kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha, na ile moja iliegemea upande kama mtu aliyechoka kusimama. Nilimwambia mama kwamba beseni nimepewa na shangazi. Shangazi aliposhukuriwa alipokea shukrani zote, hakuwa mtu wa kukataa sifa. Kuhusu jezi, lawama zilimwangukia mbuzi wa jirani, ambaye kwa kweli alikuwa na rekodi mbaya. Baba aliitafuta siku tatu, halafu akaacha, wala hakuitaja tena. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilijiona ni mimi peke yangu.

Mwaka huu, mteja wangu mmoja mpenda mpira alikuwa ananionyesha kwenye simu filimbi ya refa aliyoinunua mnadani. Alipitisha kidole ili aitafute, na jezi ya baba ikapita. Nilimwambia arudi nyuma. Ilikuwa ni ile ile, kijani imekuwa kijivu, lakini namba moja bado imeegemea. Nikakaa juu ya ndoo zilizopangwa, zikaporomoka. Mama ameshafariki. Hakuna uzi mwingine uliopita mkononi mwake ninaojua ulipo. Nilitaka kuipata ile jezi kuliko nilivyowahi kutaka kitu, nimpelekee baba, nimwambie kilichotokea, niache kujisikia mwizi kila ninapokaa naye.

Mnada wenyewe ulikuwa wa dalali mmoja wa Nakaloke, muuza mitumba, ambaye aligundua kwamba kiatu cha mpira kikizeeka sana kinapanda bei badala ya kushuka. Alifungua ukurasa mtandaoni: viatu, medali, filimbi, jezi. Vitu viliwekwa Jumatatu, mnada ukafungwa Ijumaa baada ya Alasiri. Wanunuzi hawakuonyeshwa majina, walipewa namba. Mimi nilikuwa Namba Nne. Bei ya kuanzia ya jezi ilikuwa elfu ishirini, ambayo dukani kwangu ni beseni kubwa moja.

Nikataja elfu ishirini na tano. Kabla sijaweka simu chini, Namba Tisa akataja arobaini. Nikasema hamsini, akasema themanini. Jumanne nilifika laki moja, naye akaweka moja na nusu. Hakuuliza saizi. Hakuuliza kama imetoboka. Mtu anayenunua kitu kikuukuu bila kuuliza kimetoboka wapi, ama ni mjinga ama ni mwenye mali. Chini ya picha watu wakaanza kuandika kwamba Namba Tisa ni dalali mwenyewe, anajipandishia bei. Mmoja alisema aliliwa hivyo hivyo kwenye kiatu cha mguu wa kushoto.

Jumatano Namba Tisa aliweka laki tatu. Alhamisi nikafunga duka nikaenda Nakaloke.

Dalali alikuwa mtu mnene, mpole, amekaa katikati ya makoti ya nchi za baridi. Nilimwambia bila salamu ndefu kwamba Namba Tisa ni yeye.

"Mama, mimi nilifikiri ni wewe," alisema.

"Mimi ni Namba Nne."

"Ndiyo. Nilifikiri Nne na Tisa ni mtu moja. Anapandisha vitu vyangu bei juu, halafu hapana lipa, halafu watu nasema dalali ni mwizi." Akanitazama kwa huzuni. "Mke yangu pia nauliza kama ni mimi."

Niliondoka nimeamini kwamba nimeonana na mwongo hodari. Usiniulize kwa nini: mtu akiwa na hasira, upole wa mwenzake huonekana ni ujanja. Ijumaa niliweka laki tatu na nusu, Namba Tisa akaweka nne, na mimi nikaizima simu. Nilijiambia siwezi kuliwa na tapeli. Muadhini alipomaliza adhana ya Alasiri nilijua nimeipoteza jezi mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mbuzi wa kumsingizia. Nililia nyuma ya madumu. Mteja alikuja kuuliza vifuniko, nikamuuzia huku nalia, akadhani nalilia bei.

Jumamosi dalali alinipigia akaniomba nifike. Nilimkuta ameishika jezi magotini kama mgonjwa aliyeletwa bila ndugu.

"Namba Tisa amelipa," alisema. "Yote. Shilingi kwa shilingi."

"Basi mpelekee."

"Hataki. Angalia anaandika nini."

Aliniwekea simu mbele. Namba Tisa aliandika: Nimeinunua. Nairudisha. Iuzwe tena.

"Mama, kwa hii kazi mimi naona wezi ya kila aina," alisema dalali. "Hii ya kulipa sijaona. Nadhani ni pesa ya haramu, mtu anataka kuosha kwa nguo yangu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia joto masikioni. Sisi tuliokulia kwenye msikiti wa mtaani kwetu Jinja tunaijua hiyo kauli. Siku ya mchango wa ujenzi, mtu huleta jogoo, jogoo hunadiwa, na mshindi hulipa kisha husimama aseme: nimemnunua, namrudisha, auzwe tena. Hamchukui. Kumchukua ni uchoyo. Kuna jogoo mmoja aliyeuzwa mara saba asubuhi moja na kurudi nyumbani kwa miguu yake, na wanunuzi wanne kati ya hao saba walipandishiwa bei na baba yangu, aliyekuwa hodari wa kazi hiyo kuliko imamu.

"Jina lililokuja na pesa ni la nani?" niliuliza.

Akafungua ujumbe wa malipo. Lilikuwa jina ninaloandika kila mahali panapoulizwa jina la baba.

Simu ile aliyoitumia nilimnunulia mimi, Idi iliyopita, ili asikilize mawaidha. Nilimweleza dalali yote, pamoja na habari ya beseni. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka, na niliitamka mbele ya makoti. Alinisikiliza, akaikunja jezi, akaitia kwenye mfuko. Kuhusu kuiuza tena hakusema kitu, na mimi, kwa mara ya pili maishani, sikubishana.

Jumapili baba nilimkuta barazani Jinja, anachukua udhu kabla ya Adhuhuri. Nilisubiri amalize. Nikamwekea jezi mapajani. Aliipapasa mgongo hadi akaufikia uzi, akausimamisha mkono hapo.

"Nilisema iuzwe tena," alisema. "Nani naleta hapa?"

"Mimi ndiye Namba Nne, Baba."

"Wewe? Ile mtu bahili?"

"Kwa nini ulipandisha bei, kama huitaki?"

"Rafiki wa timu ananionyesha picha. Naona wanaanza na elfu ishirini. Hiyo ni bei ya beseni." Alisema bila ukali, akiufuata uzi kwa kidole. "Mara ya kwanza ilienda kwa beseni. Mara ya pili nikakataa."

Nilikuwa nimeandaa maneno yangu njia nzima tangu Mbale. Nikayaacha yote.

"Ulijua, Baba."

"Shangazi yako hajampa mtu beseni tangu azaliwe."

"Na mama?"

"Mama yako ndiye alinizuia kukupiga. Alisema, mtoto hakununua pipi. Alinunua kitu cha nyumba."

Nikalia tena, sasa bila wateja. Aliniacha nilie, kisha akaonyesha kwa kidevu chini ya benchi. Kila Idi nimempelekea baba beseni jipya, zuri, la kutoka stoo, na kila Idi limekwenda kunadiwa msikitini, nami kila mwaka nimekasirika kwamba anabaki na takataka. Takataka yenyewe ilikuwa pale, lile lile beseni jekundu, limefifia hadi rangi ya ufizi, ufa wake umezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, maji ya udhu bado yamo ndani.

"Jezi nanuka," alisema baba. "Ioshe."

Nilitazama huku na huku nitafute ndoo. Akalisukuma beseni kwa mguu mpaka likanifikia.

"Hapo," alisema. "Hiyo ni yake."