Mwaka Tuliomtoa Binti Yetu Shule

Mimi ni fundi cherehani, na hapa Umoja wananijua kwa mambo mawili: mishono yangu haifumuki, na mdomo wangu haunyamazi. Hilo la pili ndilo lililoniponza, kwa hivyo anayesoma haya asitarajie mama mpole.

Niliseme mapema, nisimsumbue mtu. Binti yangu alikuwa haoni vizuri. Alizaliwa hivyo. Na kwa miaka mitano mimi na baba yake tulibishana kila siku kuhusu asome nini na asome wapi, tusigundue kwamba huyo tunayembishania haoni.

Nilizaliwa Majengo, mwendo mfupi kutoka msikitini. Mama yangu alisoma Kurani kila alfajiri kabla ya kuinjika chai. Mimi alinipeleka madrasa miaka miwili, kisha baba akanitoa nisije nikakosa masomo ya ziada ya kujitayarishia mtihani. Mtihani niliupita. Miaka mingi baadaye mama akawa kitandani, anaondoka, akaniomba nimsomee Yasini. Nikafungua msahafu, nikaanza kuzidonoa herufi moja moja, narudi nyuma, nakwama. Mama akafumba macho akasema, "Basi mwanangu, inatosha." Akaitwa mama wa nyumba ya pili, akamsomea mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake, na aibu niliyoiona siku hiyo haijanitoka. Nikajiapiza kwamba mtoto wangu, Mungu akinijalia, hatafedheheka hivyo mbele ya mzazi wake.

Mume wangu ni mtu wa Mumias, karani katika ofisi ya kaunti. Dini aliipata kwa babu yake: sura chache za kuswalia, na adabu nyingi. Shule ndiyo iliyomtoa kwao ikamketisha kwenye meza, na hajaisahau hisani hiyo. Tulianza kugombania shule ya binti yetu kabla hajaacha ziwa. Mimi nikisema samaki mkunje angali mbichi, maana yangu Kurani. Yeye naye akinijibu kwa methali hiyo hiyo, maana yake abichidi. Tukawa tunamvuta samaki mmoja, huyu kichwa, huyu mkia.

Mwisho tulifanya kama nusu ya Waislamu wa mtaani wanavyofanya. Asubuhi shule ya chekechea, alasiri madrasa. Nilimshonea sare ya miraba ya kijani na buibui dogo jeusi, nikaacha upindo mpana kote kuwili kwa sababu watoto hurefuka. Alikuwa na miaka minne. Nilijiona mwerevu sana.

Madrasa walisoma kwa kufuatisha. Ustadh anasoma aya, watoto wanaipokea, anairudia, wanaipokea tena. Watoto wengine walihitaji wiki. Wangu akisikia mara tatu, imeshaingia. Alikuwa akirudi nyumbani anaisoma akivua viatu, kwa sauti ile ile ya ustadh, na mvuto wake wote. Alipotimiza miaka sita alikuwa ameihifadhi Juzuu Amma yote, zile sura fupi za mwisho wa Kurani. Wateja wangu waliokuja kupima nguo walisahau kilichowaleta, wakakaa kwenye benchi kumsikiliza.

Shuleni ilikuwa kilio. Hamalizi kazi. Anachungulia daftari la mwenzake. Herufi hazijui. Alipofika gredi ya kwanza mwalimu akaniita, msichana mpole mwenye macho ya usingizi, darasa lake lina watoto wasiohesabika.

"Mama, sitaki kusema mtoto ni mjinga," akaniambia. "Lakini ako chini sana. Nikiandika kitu kwa ubao wenzake wanaandika, yeye ananiangalia tu."

Sasa nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujipiga kofi. Ananiangalia tu. Mwalimu alikuwa amenieleza ugonjwa wote kwa maneno mawili, lakini mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Na hapa ndipo pagumu kuandika. Nilifurahi. Nilitoka kwenye lile lango la shule nimeinamisha kichwa kama mzazi mwenye huzuni, na ndani nafurahi, kwa sababu ushahidi wa kumshinda mume wangu nilikuwa nimepewa na mwalimu wa hiyo shule aliyoing'ang'ania.

Dalili zilikuwa tele. Nilikuwa nikimwomba anitungie uzi kwenye sindano, kama mimi nilivyomtungia mama yangu. Analamba ncha ya uzi, anausogeza, anakosa, anajaribu tena akiwa ameikaribisha sindano hadi kwenye kope, mpaka nampokonya. "Mvivu wewe," namwambia. Jioni baba yake alikuwa akikaa naye na kitabu cha hadithi. Yeye anausogeza uso mpaka pua inagusa karatasi, baba anamwambia, "Kaa wima." Anakaa wima. Kisha baba anamsomea ukurasa mara moja, na yeye anausoma wote bila kukosa neno, na baba anafurahi kwamba leo amesoma. Hakuwa amesoma. Alikuwa amesikia.

Nilimwambia mume wangu kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba kila mtoto ana mlango wake. Huyu Mungu amemfungulia wa Kurani. Tumpe miaka mitatu minne ya kuhifadhi kutwa nzima, kisha shule ataikuta palepale, haiendi popote. Alikataa. Nikasema leo, nikasema kesho, nikasema mtondo. Jumapili moja akaichukua sare ya kijani kwenye kamba, akaikunja polepole, akaniwekea juu ya cherehani.

"Kama Mungu amemfungulia huko," akasema, "mimi nani nimfungie?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika, ningejua la kumjibu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeona. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa magharibi kama mume wangu, ila yeye ni wa kanisa. Mume wake anafanya kazi reli. Tulikuwa tukianika nguo pamoja, tunaombana chumvi, Idi nampelekea pilau, Krismasi ananiletea chapati. Siku chache baada ya kumtoa binti yangu shule tulikuwa kwenye kamba za nguo, akaniambia, "Dada, huyu msichana wako nikisimama hapa kwa ngazi hanisalimii. Mpaka niongee ndio anajua ni mimi. Hebu mpeleke apimwe macho."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Sema tu unachotaka kusema. Sema Waislamu tunaficha wasichana."

Akabaki ameshika shati la maji. "Mimi nimesema macho tu, dada."

"Macho yake hayana neno. Angalia ya wanao."

Maneno hayo ya kuficha wasichana hayakuwa yake. Nilikuwa nimeyasikia kwingine, kwa wateja, kwa wapita njia, nikayabeba kifuani siku nyingi nikingoja mtu wa kumtupia. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kwa miaka mitatu tulisalimiana kwa kichwa tu.

Miaka hiyo mitatu binti yangu alikuwa na furaha, na siwezi kuidanganya kalamu nikasema vinginevyo. Hakuna tena aliyemwita wa chini. Alihifadhi juzuu baada ya juzuu. Akawa anaitwa kwenye hitima na kwenye harusi, anaketishwa juu ya mto, anafungua kwa Kurani, wanawake wanafuta machozi. Na mimi mbele ya wageni nilikuwa nikimshika bega na kusema, "Huyu Mungu amemchagua." Nilimwambia pia tukiwa wawili, nikimsuka nywele. Alikuwa akinyoosha mgongo kila nikilisema.

Kisha madrasa wakapata ustadh mpya, kijana, aliyetaka wanafunzi wakubwa wasome kwa kufuatisha kidole kwenye mstari. Binti yangu alisoma vizuri kuliko wote. Ila kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa mwingine. Ustadh hakusema kitu mbele ya wenzake. Alimfungulia sura ambayo hajaihifadhi, akamwomba asome mstari mmoja tu, na binti yangu akanyamaza.

Akaniita. Nilivua viatu mlangoni, nikaketi mkekani, tayari kabisa kwa vita.

"Mama," akasema, "binti yako hasomi, anakumbuka. Nafikiri haoni."

Akamwita binti yangu, akaweka msahafu mbele yake, akamuuliza anaona mistari mingapi. Binti yangu akainama mpaka mtandio ukafunika ukurasa. Akasema haoni mistari, anaona weusi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilidhani nyote mnaona hivi."

Tulikwenda hospitali sote watatu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alimtia matone, akamngoja, akamtazama kwa taa, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine. Kisha akatuuliza umri. Tisa, tukasema. Akaweka kalamu chini.

Akatueleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wazazi habari mbaya. Macho yote mawili yalizaliwa na kasoro ambayo miwani huitengeneza, lakini mtoto avae akiwa mdogo, wakati ubongo bado unajifunza kuona. Ukichelewa, ubongo huliacha jicho. La kulia bado lina nafasi nzuri. La kushoto limeachwa. Watajaribu, wataliziba lile la kulia saa chache kila siku ili la kushoto lilazimike kufanya kazi, lakini hawezi kutuahidi kitu.

"Mngemleta akiwa na minne, mitano," akasema.

Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Na akiwa na sita?"

"Sita pia ingekuwa afadhali sana."

Sita ndio umri aliokuwa nao tulipoikunja ile sare. Mume wangu alitikisa kichwa, akashukuru, akamshika mtoto mkono. Hakunitazama. Mpaka leo hajanitajia siku hiyo, na najua hatanitajia. Mimi ni mtu wa kelele, kelele nazijua pa kuzishika. Kimya chake kinaniumiza kila anaponipokea kikombe cha chai na kusema ahsante.

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, lakini mlango ulipofunguliwa nikasema, "Yalikuwa macho." Akanivuta ndani. Tulilia wote wawili, yeye kwanza. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yalinifikia mapema, mwanangu hata meno yote ya utotoni hajang'oa.

Sasa tumerudi tulipoanzia. Asubuhi shule, alasiri madrasa, upindo mpana, ila safari hii yuko gredi ya pili akiwa na miaka kumi. Anaketi mstari wa mbele na watoto wanaomfika begani. Wakipiga picha mwalimu humweka nyuma. Ameshika herufi zote mwezi wa kwanza, na hesabu anaipenda. Miwani yake ni minene, na wenzake wamempa jina la utani ambalo hataki kuniambia. Jicho la kushoto tunalifanyia mazoezi bado. Daktari akimuuliza anaona nini kwa hilo peke yake, anasema anaona mwanga na watu.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nakata kitambaa cha kanzu. Wakati wa madrasa ulikuwa umefika na yeye bado ameketi kwenye benchi la wateja, buibui mapajani. Nikamwambia ainuke, atachelewa.

"Leo siendi," akasema.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kwa nini huendi?"

Alifikiri kwanza. Hakuwa analia, wala hakuwa na kiburi. "Ulisema nashika haraka kwa sababu Mungu amenichagua. Kumbe nilikuwa nashika haraka kwa sababu sioni. Sasa naona, na sishiki kama zamani. Aya moja nairudia siku mbili. Kwa hivyo hakunichagua."

Nikaweka mkasi chini. Nilitafuta neno miongoni mwa maneno yangu yote, na Mungu anajua ninayo mengi, nikapata lile lile nililozoea.

"Amekuchagua," nikamwambia.

Akainuka, akaja mpaka kwenye meza ya kukatia. Akanitazama usoni kupitia ile miwani, taratibu, paji, macho, mdomo, kama anayesoma mstari mgeni kwa kidole.

"Ulijuaje, mama?"

Sikuuliza anamaanisha nilijuaje zamani, au nimejuaje sasa. Nikauchukua mkasi, nikajifanya natafuta alama ya chaki kwenye kitambaa, na yeye akabaki amesimama pale, buibui mkononi, akingoja nimjibu.