Kona ya Njia ya Chanika

Sijapata kujua kwa nini njia ya miguu ya Pugu kwenda Chanika, ikifika katikati ya msitu, inapinda mahali pasipo na mti, jiwe wala shimo. Majuzi mlinzi wa msitu aliagizwa kuinyoosha. Akafyeka njia mpya, akaiziba kona kwa miiba. Kesho yake bwana misitu, Mzungu wa mjini, angekuja kukagua. Akikuta njia mpya haijakanyagwa, mlinzi hana kazi.

Nilimkuta akimbembeleza bibi mmoja mwenye mzigo wa muhogo.

“Shikamoo, bibi. Pita hapa, ni karibu.”

“Marahaba. Naona ni karibu.”

“Sasa unaogopa nini?”

“Mie sijui. Mama yangu naye hakujua. Haya, tangulia wewe, baba.”

Mlinzi aliitazama njia aliyoifyeka kwa mikono yake, akavua kofia, akaivaa tena. Hakutangulia. Sikumcheka, maana hata mimi nilikuwa nimesimama upande wa kona.

Wakakubaliana mbuzi wa bibi wapitishwe njia mpya, majani yalale. Jioni mlinzi aliondoa miiba, akawaswaga mwenyewe: wao wakinyoosha moja kwa moja, yeye akizunguka konani, akiwapigia mluzi kwa mbali.